Matairi ya kashata kwenye lami: gari linavuma, linatikisika, linateleza. Chanzo ni nini?

Gari lililovishwa matairi ya M/T, yale ya kashata yenye meno makubwa yaliyoachana, hufika gereji na malalamiko yale yale: linavuma, linatikisika, linateleza mvua ikinyesha, linavuta upande, linakunywa mafuta. Mwenye gari keshatoa hukumu kabla hajashuka: matairi mabovu. Kwa sehemu ana haki. Tairi lililoundwa kuchimba tope haliwezi kutulia kwenye lami kama tairi la barabara. Lakini mengi yanayosingiziwa matairi ni ya upepo, ya tope lililokaukia ndani ya rimu, au ya bushi iliyokufa siku nyingi ikawa haijapata uzito wa kuianika. Na kuna la kuogopa zaidi: mvumo wa matairi haya hufunika sauti nyingine. Beringi inaweza kufa taratibu huku dereva akisema "ni matairi tu hayo".

Kwa hiyo tuanze na vya bure, ndipo tufike kwenye vya kulipia. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza upepo, ukafanya balansi na ukabadili shokapu siku hiyo hiyo, gari likipona hutajua umetibu nini.

Kabla ya kumwita fundi

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Hapa ndipo penye fujo kubwa. Kibandiko cha mlangoni kwa dereva kinahusu matairi yaliyokuja na gari. Ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda lenye herufi LT (la magari ya mizigo mepesi), tairi hilo jipya huhitaji psi kadhaa zaidi kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo namba ya kibandiko inaweza kuwa ndogo. Upande wa pili kuna kijana wa pancha aliyesoma 80 psi ubavuni mwa tairi la daraja E (herufi ya uwezo wa kubeba mzigo), akaona tairi gumu, akajaza 55. Hiyo 80 ni kikomo, haikuandikwa kama ushauri. Hilux isiyo na mzigo ikijazwa 55 itadunda kwenye kila rasta, itaisha katikati ya tairi na itateleza kwenye mvua, kisha lawama ziende kwa kashata.

Njia ya kupata namba ya gari lako: jaza unachodhani ni sahihi likiwa baridi, endesha nusu saa kwa mwendo na mzigo wako wa kawaida, kisha simama upime tena bila kupoteza muda. Upepo hupanda kwa sababu ya joto. Ukipanda zaidi ya psi 4 hivi, au 6 kwa tairi la LT, ulianza na upepo mdogo na tairi linajikunja mno. Ukipanda psi moja au mbili tu, ulijaza kupita kiasi. Rekebisha kesho yake likiwa baridi. Usipunguze upepo wa tairi la moto ili kufuata namba ya baridi.

La pili, soma ubavu wa tairi. Mwisho wa namba za DOT kuna tarakimu nne: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mtumba wenye kashata nzima huvutia macho, lakini mpira wa miaka minane uliokaa juani ni mgumu na hushika lami kwa shida, hata kama meno yake bado marefu. Angalia nyufa kwenye mashina ya meno, mle ndani kabisa, kwani nje huwa limepakwa dawa likang'aa. Angalia pia herufi ya mwendo. Matairi mengi ya M/T huwa na Q, yaani mwisho kilometa 160 kwa saa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 117 inalitambua kundi la matairi yanayowekewa alama POR, yaani ya kazi nzito nje ya barabara: kina cha kashata kuanzia milimita 11, nafasi kati ya meno kuanzia asilimia 35, na mwendo usiozidi huo wa Q. Ukiona alama hiyo, jua mtengenezaji mwenyewe anakiri kwamba lami haikuwa kipaumbele chake.

La tatu ni kuosha. Tutalirudia kwenye mtikisiko.

Linavuma

Mvumo unaoanza kwenye 40, ukapanda sauti sawasawa na mwendo, ukawa wimbo mmoja kwenye 80, ni tabia ya tairi. Hewa hunaswa kati ya jino na lami, ikabanwa, ikatoka. Jino nalo hugonga. Hakuna dawa zaidi ya kuongeza sauti ya redio.

Ila thibitisha kwamba ni hivyo. Tairi hubadili sauti barabara inapobadilika. Toka kwenye lami laini ingia kwenye ile ya kokoto za juu, halafu kwenye changarawe: mvumo wa tairi utageuka papo hapo. Beringi haijali uso wa barabara. Beringi hujali uzito: ukiwa kwenye 60, barabara ni tupu na unaona mbele, pinda usukani kidogo kushoto kisha kulia. Mngurumo ukiongezeka ukipinda kushoto, mzigo umehamia magurudumu ya kulia, basi anza kushuku beringi ya kulia. Ukifika nyumbani inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha lizungushe huku mkono mwingine ukigusa springi. Beringi mbovu husikika mkononi kama mchanga hata pale sikio halisikii kitu.

Matairi yaliyokuwa na mvumo wa kuvumilika na sasa yanapiga kelele kuliko yalipokuwa mapya yameliwa vibaya. Pitisha kiganja juu ya meno kwa mwelekeo mmoja, kisha urudishe. Upande mmoja kiganja kinateleza vizuri, ukirudisha kinakwama kwenye kingo kali. Kila jino limelika nyuma likabaki juu mbele, au kinyume chake. Hii ni kawaida kwa meno marefu yasiyoshikana: yanajipinda kila yanapogusa lami, zaidi kwenye magurudumu yasiyovuta. Dawa ni kuhamisha matairi mbele na nyuma kila kilometa 5,000 hadi 8,000, ukiliingiza na la spea kwenye mzunguko kama ni la saizi ile ile. Wengi hungoja mpaka wasikie kelele, na hapo meno yameshazoea ulemavu wake. Kuhamisha kutapunguza, hakutafuta. Tairi lenye mshale wa mwelekeo lihamishwe upande ule ule tu, mbele kwa nyuma, isipokuwa livuliwe kwenye rimu na kugeuzwa.

Kiganja kikikuta mabonde yanayopishana, jino moja limekwenda na lingine limebaki, hapo shokapu imechoka na gurudumu linaruka ruka. Tairi jipya juu ya shokapu hiyo litaliwa hivyo hivyo.

Mlio wa "tok-tok" mwendo ukiwa mdogo ni habari nyingine kabisa: jiwe kati ya meno au nati zilizolegea. Simama uangalie sasa hivi, si ukifika. Magurudumu mazito hulegeza nati kuliko unavyofikiri. Yaliyofungwa leo yakazwe tena baada ya kilometa 100 hivi.

Linatikisika

Umetoka shamba, au mbugani kwenye udongo ule mweusi, umefika lami, umeongeza mwendo hadi 80 na usukani unatetemeka mkononi. Jana haukuwa hivyo. Usiende kufanya balansi. Lala chini uangalie upande wa ndani wa rimu.

Udongo wa mbuga hugandamana pale pembeni, ndani ya rimu, ukakauka ukawa kama saruji. Kwa nje rimu inang'aa kwa sababu kijana wa kuosha magari amepiga maji upande anaouona mteja. Fundi wa balansi anahangaika na vyuma vya gramu 5 na 10. Donge la ukubwa wa andazi limekaa mle ndani na gramu zake mia na ushee. Balansi gani itasimama? Mbaya zaidi ni kufanya balansi tope likiwa bado lipo: mashine itasoma sawa, donge litadondoka baada ya siku mbili, na utarudi kwa fundi ukimwita mwizi. Omba maji ya presha yapigwe kutoka chini, sogeza gari nusu mzunguko wa tairi, yapigwe tena, ili kipande kilichojificha nyuma ya kalipa kitoke. Ndipo upime.

Ukiosha na bado linatikisika, sikiliza ni wapi. Mtikisiko wa usukani ni wa mbele, wa kiti ni wa nyuma; si sheria ya kudumu, lakini ni pa kuanzia. Unaokuja kati ya 80 na 100 kisha ukapungua ni balansi. Matairi haya ni mazito na vyuma vyake huwa vingi. Tairi likidai rundo la vyuma kupita mwenzake, mwambie fundi alivue, alizungushe nusu duara kwenye rimu, apime upya. Mara nyingi sehemu nzito ya tairi imekutana na sehemu nzito ya rimu. Mtikisiko wa kilometa chache za mwanzo asubuhi, unaoisha wenyewe, ni ubapa wa tairi lililolala na mzigo. Likipata joto linarudi duara.

Unaoanza mapema, kwenye 30 au 40, ukaja kama kuyumba au kupanda na kushuka, uogope. Ama rimu imepinda, ama nyuzi za ndani ya tairi zimeachana. Inua gurudumu, weka kijiti karibu na kashata, zungusha. Kashata ikinyanyuka sehemu moja au kuwa na uvimbe, tairi hilo lisirudi barabarani hata kwa safari ya kwenda gereji. Vaa spea.

Halafu kuna mtikisiko wa magari yenye ekseli nzima mbele, Land Cruiser za familia ya 70, Defender za zamani, Jimny: unapita kishimo kwenye 70, na ghafla usukani unapigwa kushoto kulia kwa nguvu hadi huwezi kuushika. Hautulii mpaka upunguze mwendo. Punguza mwendo polepole, usishindane na usukani. Mafundi wengi hukimbilia kubadili dampa ya stelingi, na kweli dampa mpya huficha ugonjwa kwa muda. Chanzo huwa ni uchezaji: bushi za panadi rodi, tairodi, beringi za nakli, hata boliti iliyolegea. Matairi makubwa hayakuanzisha uchezaji huo. Uzito wake ndio umeupa nguvu ya kutikisa gari zima. Mtu mmoja akae ndani azungushe usukani kidogo kidogo, injini ikiwaka na magurudumu yakiwa chini. Wewe angalia kila kiungio. Kinachocheza kabla gurudumu halijasogea ndicho kibadilishwe.

Linateleza mvua ikinyesha

Hapa ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kashata kubwa inaonekana kama kushika kukubwa. Kwenye tope ni kweli. Kwenye lami mpira unaogusa chini ni kidogo, kwani nafasi kati ya meno haishiki kitu. Tairi la barabara lina vipasuo vingi vyembamba vinavyokata utando wa maji. Jino la M/T lina vichache au halina.

Kinachochanganya ni kwamba kwenye dimbwi la maji mengi tairi hili likiwa jipya hufanya vizuri, maana mifereji yake mipana humwaga maji haraka. Dereva akivuka dimbwi salama anajiona ana tairi la mvua. Kisha anashuka mlima Kitonga kule Iringa kwenye manyunyu ya kwanza ya msimu, lami ina vumbi la miezi na mafuta ya malori, utando mwembamba tu wa maji, na kwenye kona mkia wa gari unatoka. Maji machache yamemshinda aliyevuka maji mengi.

Kama gari limeanza kuteleza na zamani halikuwa hivyo, pima upepo kwanza, maana uliozidi hupunguza mpira unaogusa chini. Angalia umri wa tairi. Angalia kama mbele na nyuma ni aina moja: M/T nyuma na matairi ya barabara mbele ni kujitengenezea gari la kuzunguka lenyewe. ABS ikigutuka mapema, ukaisikia kwenye pedali hata kwa breki ya kawaida, mara nyingi breki ni nzima. Ni tairi linalokosa pa kushika. Ongeza nafasi kati yako na wa mbele. Breki pia zina mzigo mpya, kwa sababu gurudumu zito na kubwa ni gumu kulisimamisha kuliko lile lililokuja na gari.

Na ukitoka shambani, simama kabla ya kuingia lami ukang'oe madonge makubwa. Wa bodaboda anayekuja nyuma yako kwenye kona ndiye atakayekutana nayo.

Linavuta upande, au linatangatanga

Kuvuta upande mmoja daima: badilishana tairi la mbele kushoto na la kulia, kama hayana mshale. Mvuto ukihama upande, ni tairi. Ukibaki pale pale, ni alaimenti, au breki inayoshika. Gusa rimu zote baada ya safari, ya moto kuliko wenzake itajisema. Gari lililoinuliwa bila alaimenti kufanywa upya halihitaji uchunguzi, linahitaji alaimenti.

Kutangatanga ni kitu kingine. Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, ambako malori ya Zambia na Kongo yamechimba mifereji kwenye lami, tairi pana lenye meno pembeni hupanda ukingo wa mfereji na kuvuta gari. Upepo mdogo huzidisha. Likitangatanga hata kwenye lami iliyonyooka, rudi kwenye bushi na tairodi.

Na kama kwenye kona kali gari linakuwa zito, matairi yanakwaruza na kitu kinagutuka chini, angalia kwanza kama umesahau 4H, yaani gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Hilux au Land Cruiser ya 4x4 ya kuwasha na kuzima haina difu ya katikati; kwenye lami kavu mbele na nyuma zinavutana. Prado yenye 4x4 ya muda wote haina shida hiyo, mradi hujafunga loki ya katikati.

Spidi haisomi sawa, mafuta yanaisha

Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 285/70R17 lina 831. Tofauti ni asilimia 7. Spidomita ikisoma 50, unaweza kuwa 53 na ushee, na askari wa tochi hapimi kwa spidomita yako. Spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo, kwa hiyo pengine kosa ni dogo zaidi. Linganisha na GPS ya simu, abiria ndiye aisome.

Hesabu za mafuta nazo hupotoka. Odomita ikionyesha 500 umetembea 535. Lita 60 kwa 500 ni 12 kwa kila kilometa 100. Kwa 535 ni 11.2. Rekebisha hesabu kabla ya kulalamika. Kitakachobaki ni cha kweli, kwani uzito na msuguano vimeongezeka. Kama gari linakosa nguvu mlimani, ni kwa sababu gurudumu kubwa limerefusha gia. Shuka gia moja mapema.

Linagusa, na linaisha haraka

Kata usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa limepandisha gurudumu moja kwenye tuta, na uangalie mpira wa breki kuliko matopeo. Plastiki ikikwaruzwa ni kero. Mpira wa breki ukikwaruzwa ni ajali.

Kashata ikiisha katikati, upepo ulizidi. Ikiisha mabega yote mawili, ulipungua. Bega moja, alaimenti. Ikimeguka vipande vipande, ni rafu rodi yenye mawe makali, au mtu alishusha upepo hadi 18 kwenye tope kisha akapiga lami kilometa 60 kwa mwendo wa basi. Ubavu ulichemka. Tairi hilo likaguliwe ndani, likiwa limevuliwa: ukikuta unga mweusi wa mpira au mstari uliokwaruzika kuzunguka ubavu, limekufa hata kama nje linapendeza. Kompresa ndogo ya betri na geji vikae kwenye gari daima, na upepo urudishwe pale pale tope linapoishia.

Kuhusu spea: kwenye Hilux jaribu kulipandisha tairi jipya chini ya bodi kabla hujalipa, maana la saizi kubwa huenda lisiingie. Ukibaki na spea ya saizi ya zamani, hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha kwa mwendo mdogo, na usiweke 4H nayo ikiwa imefungwa.